Jina la Mlangoni

Usiku wa jana niliota kutu amekaa kwenye kiti cha dereva cha pikapu yangu. Alikuwa amefunga mkanda, anasubiri nimwambie tunakwenda wapi.

Nilikuwa nimelala baada ya kumaliza rozari yote, kwa hiyo sikuogopa. Nilikasirika tu. Kutu huyo nilikuwa nimeshamtoa.

Niseme kwanza mambo yalivyo nikiwa macho, ndoto ieleweke. Pikapu ilikuwa yetu, mimi na marehemu mume wangu Gaitan. Tulibebea viazi na mbao hadi sokoni Njombe. Gaitan alipofariki ilikaa nyuma ya jiko, juu ya matofali, miaka mitatu. Kuku wakaanza kutaga ndani. Mwaka huu nilianza kuitengeneza kabini kwa mikono yangu. Jirani yetu Fundi Kilasi, ambaye kazi yake ni kunyoosha bodi za magari, alinipa sheria nne za kazi hiyo, nami nikaziandika kwenye daftari langu la darasa la jioni. Darasa hilo liko ukumbi wa parokia. Nina miaka hamsini na minne, na huko ndiko ninakojifunza kusoma na kuandika.

Nilikwangua, nikapiga msasa, nikaziba matundu kwa puti, nikapaka praima, rangi ya chini. Juzi nikapaka rangi yenyewe, bluu ya joho la Bikira Maria. Likabaki jina tu.

Huku kwetu gari la mizigo huandikwa mlangoni jina la mwenye nalo, sanduku la posta na uzito. Zamani paliandikwa Gaitan Mlowe. Sasa nilitaka kuandika langu, Skolastika, lakini shemeji yangu Wendelini, mdogo wake Gaitan, alisema gari la akina Mlowe haliwezi kuandikwa jina la mwanamke aliyezaliwa kwa akina Mgaya. Watu watadhani ukoo umekwisha. Alilisema hilo kwenye jumuiya ya majirani, baada ya sala, mbele ya watu wote. Kisha akaongeza, "Halafu Skolastika ni herufi kumi, shemeji. Utazimaliza lini? Gari litaota kutu tena."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa adabu.

Wendelini akakata stensili. Ni kipande cha boksi gumu kilichotobolewa herufi, ukikiweka juu ya mlango na kupuliza rangi, jina linabaki. Alitoboa W. MLOWE. Akasema atakuja Jumamosi asubuhi kulipuliza, nami nisihangaike. Nililala Ijumaa nikimwomba Mungu aniambie la kufanya.

Akaniletea kutu.

"Shikamoo, mama," alisema kutu.

"Marahaba. Teremka."

Hakuteremka. Alinieleza kwa upole kwamba watu wengine huwa wanapaka juu yake tu. Gari linang'aa, wageni wanasifu, yeye anaendelea na kazi zake chini kwa chini, hakuna ugomvi. Nikamwambia sheria ya kwanza inakataza rangi kupakwa juu ya kutu. Akauliza imeandikwa wapi. Nikampa daftari.

Alilisoma polepole, midomo ikicheza, kama ninavyosoma mimi. Alipofika kwenye nukta akafungua mkanda.

"Kama imeandikwa, sina la kusema," alisema. "Ingekuwa ya mdomo tu, tungebishana."

Akajikusanya kutoka sakafuni, kwenye bawaba za milango na chini ya kioo cha mbele. Akajitia kwenye sanduku la bati, na sanduku nalo likaanza kupata kutu hapo hapo. Akalibeba hadi kwenye banda la kuku, akakaa juu yake, akatazama.

Sheria ya pili inasema: piga msasa mpaka mkono usikwame popote.

Napiga msasa. Napiga kwa maji, kwa mviringo, na kila mviringo ni Salamu Maria moja. Nimefika kwenye mlango wa dereva, pale juu, chini ya dirisha. Hapo pana bonde dogo. Gaitan alikuwa akiweka kiwiko chake hapo akiendesha, miaka kumi na tisa, mpaka chuma kikabonyea. Napazunguka, naendelea pembeni.

"Hapa bado," mlango unasema.

"Hapo siwezi."

"Sheria imesema popote. Haikusema popote isipokuwa kwenye kiwiko."

Nikamwombea Gaitan raha ya milele, kisha nikapiga msasa mpaka pakalingana. Mlango haukunishukuru. Milango ya magari haina tabia hiyo.

Nilipomaliza nikapitisha kiganja kujaribu. Hakikukwama popote. Nikashika kitasa, mkono ukateleza. Nikashika usukani, ukateleza. Nikashika rozari yangu, ikanitoka kama kamba ya maji. Mkono wangu ulikuwa umetii sheria kupita kiasi, na bila mkono wa kujishikia nikaanza kuteleza na mwili mzima. Nikapita chini ya kamba ya nguo, nikapita shamba la viazi la jirani, nikaomba radhi, nikaingia darasani.

Darasa la jioni lilikuwa ndani ya kabini, na kulikuwa na jua kali la saa sita. Wanafunzi ishirini na wawili tulienea kwenye kiti kile kimoja bila shida yoyote. Mwalimu alikuwa ameshika usukani. Akikata kona, wote tunaegemea upande wa silabi inayofuata. Ubao wenyewe ulikuwa mlango wangu, umeng'olewa na kuegemezwa ukutani, wa bluu na mtupu.

"Skolastika," alisema mwalimu bila kugeuka, "njoo uandike jina la mwenye gari. Somo la leo ni hilo tu."

Nikaenda. Nikashika brashi, ikanitoka. Nikaishika kwa mikono miwili, ikaruka ikamwangukia mzee wa kiti cha mbele. Alinirudishia kwa heshima. Ikanitoka tena. Darasa likaanza kucheka, na nikaitambua sauti ya kicheko kile. Ndicho kilekile cha jumuiya, walikuwa wamekihifadhi.

Hapo Wendelini akapiga hodi. Alivaa suti ya arusi ya Gaitan na mkononi alikuwa na stensili yake. Stensili ilikuwa inaongea, lakini ilijua maneno mawili tu.

"W. Mlowe," ilimwambia mwalimu.

Mwalimu akajibu kwamba yeye hajambo.

"W. Mlowe," ikawaambia wanafunzi, na wengine wakainuka kuipisha.

"Pumzika, shemeji," Wendelini akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. Hilo ndilo lililoniuma. "Umefanya kazi nzuri sana. Umekwangua, umepaka, kila mtu ameona. Sasa niachie hapa padogo tu. Herufi zimeshakatwa."

Nikamwambia, "Herufi za kuazima sizitaki. Ninazo zangu. Zimepinda, lakini ninazo."

"Hata brashi haikukai mkononi."

Alikuwa anasema kweli. Nikasali kimoyomoyo, sala fupi isiyo na adabu sana: Bwana, usiniache hapa mbele za watu. Nikafungua daftari kwa kiwiko, kwa kuwa kiwiko hakikuwa kimepigwa msasa. Likafunguka kwenye sheria ya tatu.

Sheria ya tatu inasema: kila kisichopakwa rangi kifunikwe gazeti.

"Shemeji," nikasema, "wewe leo unapakwa rangi?"

"Mimi? Mimi nipakwe rangi ya nini?"

"Basi simama vizuri."

Magazeti yalikuja yenyewe, yamezoea kazi. Utepe wa gundi nao ukaja, ukajikata vipandevipande. Nikamfunika Wendelini kuanzia viatu. Alipinga kidogo, lakini sheria ilikuwa imeandikwa, na mwalimu alimwonyesha mstari. Suti ikafunikwa, mikono ikafunikwa. Mdomo ulifunikwa na ukurasa wa mbele, wenye maandishi makubwa meusi yaliyokwenda mpaka kwenye shavu. Nikayasoma nikiwa nabandika. Niliyasoma kwa macho tu, midomo haikucheza. Haijawahi kunitokea maishani. Yalisema: MJANE ASHINDA.

Kisha, kwa kuwa sheria ilisema kila kisichopakwa, nikafunika na vingine. Nikafunika wanafunzi, nao wakakaa kimya wakisomana migongo. Nikafunika banda la kuku, mlima, mnara wa kanisa. Padri alitoka sakristia akauliza kama anaweza kuachiwa pua. Nikamwachia pua. Baada ya hapo dunia nzima ilikuwa gazeti, isipokuwa mlango wangu wa bluu, mimi, na stensili, ambayo ilikuwa inaruka sakafuni ikisema W. Mlowe, W. Mlowe, na hakuna aliyeitikia.

Lakini mkono bado ulikuwa unateleza.

Nikasoma sheria ya nne. Inasema: usilainishe kupita kiasi, rangi itakosa pa kushika. Nilipoiandika miezi ile, nilimwambia Fundi Kilasi kwamba sheria ya pili na ya nne zinagombana. Akanijibu, "Ndiyo, mama, zinagombana. Zimezaliwa nyumba moja." Sikuelewa. Sasa nikaelewa, nikapiga kelele kuelekea banda la kuku.

"Kutu! Umelala?"

Gazeti likapasuka, kutu akachungulia. Nikamwambia nahitaji konzi yake moja tu, ya kiganjani, ili mkono upate kukwama.

Akafikiri. Akasema nilimfukuza asubuhi hii hii, tena bila chai. Nikasema ni kweli, na nitamfukuza tena kesho. Akasema yeye na mimi tumekaa na gari lile miaka mitatu ambayo hakuna ndugu aliyekuja hata kulipangusa, na kwa hilo tu atanipa konzi moja. Akafungua sanduku, akanimiminia kiganjani. Ilikuwa ya moto na kavu.

"Ukimaliza, ujipanguse," alisema. "Mimi ni kutu. Usinizoee."

Nashika brashi. Inakaa.

Naandika S. Inatoka kama nyoka aliyekanyagwa, lakini ni S. Naandika K. Naandika O, nairudia, haikufunga. Herufi zangu ni kubwa. Nikifika T, mlango umekwisha. Siachi. Naendelea kwenye kona ya kabini, I iko nyuma ya kiti, K iko chini ya kioo kidogo cha nyuma, A inatokea mlango wa upande wa pili. Herufi kumi. Sasa naanza Mgaya, jina nililozaliwa nalo. Linapita juu ya paa, linashukia boneti, na kila herufi ikikaa, gari linashuka kidogo, kama linapakiwa gunia.

"W. Mlowe," stensili inasema, iko miguuni kwangu.

Naichovya ndani ya kopo. Rangi inaziba matundu yake yote. Inajaribu kusema, haina pa kutokea sauti. Naiweka kando, taratibu. Sina ugomvi na boksi.

Wendelini ananitazama kupitia tundu moja alilotoboa kwa jicho. Anasema kitu ndani ya gazeti. Sikisikii.

Nilikuwa nimeinua brashi niandike S.L.P. kengele ya misa ya asubuhi ilipolia, nikaamka.

Nilipiga magoti kando ya kitanda kwanza, kama siku zote. Kisha nikatoka nyuma ya jiko bila hata kunawa. Nakiri kwamba nilitegemea kulikuta jina. Halikuwepo. Mlango ulikuwa wa bluu, umekauka vizuri, mtupu. Hata bonde la kiwiko lilikuwa pale pale, chini ya rangi. Nikalipapasa. Kisha nikatazama kiganja changu, kilikuwa kisafi. Nikajiambia ilikuwa ndoto tu, na ndoto haimzuii mtu kuja na stensili.

Saa mbili Wendelini akapiga hodi. Alikuwa na stensili kwapani na kopo la rangi nyeupe. Nikamkaribisha kwenye kigoda, nikamletea chai na kiazi kitamu. Alikuwa mnyonge. Alisema amelala vibaya, amehisi joto usoni kana kwamba mtu amemfunga kitambaa, na kila akitaka kusema, neno halitoki.

"Pole, shemeji," nikasema. "Uliota?"

"Sikuota kitu. Mimi siotagi."

Akageuka kuweka kikombe chini. Jua likampiga shavu la kushoto. Palikuwa na alama nyeusi hapo, hafifu, kama wino wa gazeti unavyoganda kwenye ngozi ya mtu aliyetoka jasho. Zilikuwa herufi, zimegeuka nyuma mbele, kama zinavyogeuka ukibandika karatasi na kuibandua.

Nikazisoma kutoka kulia kwenda kushoto, moja moja. M. J. A. N. E. Nyingine zilikuwa zimeingia kwenye ndevu.

"Unanitazama nini?" akauliza.

Nikamwambia nafanya mazoezi ya kusoma. Kisha nikamwomba anishikie kopo, nikaenda kuchukua brashi.