Sala ya Mwisho Kabla ya China

Wewe ulikuwepo. Na kama hukuwepo, ulisikia, ukageuza shingo. Ukasema hayo ni mambo ya walimu, ni Wameru wanagombana wao kwa wao, si yako. Basi leo utasikiliza hata chai ikipoa.

Karimi na mumewe Gikunda walifundisha Kiingereza miaka tisa katika shule moja huko Burat, Isiolo. Hawakuwa wa serikali, walikuwa walimu wa bodi: mzazi akiuza mbuzi, mwalimu anakula; asipouza, mwalimu anashika chaki na njaa yake. Nafasi ya mwalimu wa serikali ilipokuja mwishowe, mwenyekiti wa bodi, Mzee Mugendi, akahakikisha imemwangukia binti yake Janice. Huyo Janice alifika siku moja, akapigwa picha chini ya bendera, akarudi Nanyuki kwenye saluni yake. Mshahara ukamfuata huko. Kazi ikabaki kwa Karimi.

Sasa, Mugendi ni baba mdogo wa Gikunda. Ndiyo maana Gikunda alinyamaza. Na ndiyo maana, shule moja ya chekechea huko China ilipowahoji kwa simu na kuwataka wote wawili wakafundishe Kiingereza, alimwita mzee huyo huyo awe mgeni wa heshima siku ya kuwaaga.

"Umemwita?" Karimi aliuliza, kisu cha vitunguu mkononi.

"Ni baba yangu. Nisipomwita ataambia ukoo nimetoroka."

"Sawa. Mimi nataka aseme kitu kimoja mbele ya wazazi. Nani ataingia gredi ya tisa Jumatatu."

"Hatasema."

"Tutaona."

Sherehe za Isiolo unazijua. Mgeni wa heshima huongea mwisho, na baada yake hakuna mwingine, ni maombi tu, watu waende nyumbani. Mugendi aliijua hiyo sheria kuliko mtu yeyote. Alingoja watu washibe pilau, akashika maiki.

"Hawa wawili nimewapika mimi! Sasa hata Mchina atajua Burat iko wapi!"

Wapambe wake wakapiga makofi. Akuam, mama wa Kiturkana mwenye msichana gredi ya tisa, akasimama. "Mwenyekiti, na watoto wetu wanaachiwa nani?"

"Mama, leo ni siku ya kula. Ongeza pilau."

Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka. Mshereheshaji aliposema tufunge na maombi, huku akimtafuta pasta kwa macho, Karimi akamnyang'anya maiki.

"Nitaomba mimi."

Kofia zikatoka. Wakristo wakainamisha vichwa, mzee Adano na Waborana wenzake, Waislamu, wakainua viganja. Mugendi naye akavua yake, upara ukang'aa. Angefanya nini? Nani atamkatiza mtu anayeongea na Mungu?

"Baba wa mbinguni, asante kwa chakula. Unamjua Janice. Unajua sasa hivi anasuka watu nywele Nanyuki, na mshahara wa darasa letu uko kwake. Mguse, Bwana, aje Jumatatu."

"Amina!" Akuam akapaza sauti.

"Mguse na baba yake, aliyesimama hapa na kofia mkononi. Aseme atamleta, au aseme nafasi ipewe mwingine. Namngoja, Bwana. Sifungi maombi haya mpaka aseme."

Jenereta tu ndiyo ilinguruma nyuma ya hema.

"Gikunda," Mugendi akanong'ona kwa ukali, kichwa bado chini. "Ambia bibi yako afunge."

Karimi akafumbua jicho moja. Miaka tisa mume wake alikuwa akiuitikia mwito wa mzee huyo kwa "ndiyo, baba".

"Baba mdogo," Gikunda akasema, macho yamefumbwa, "tuko kwenye maombi."

"Jibu, mzee!" Adano akasema, viganja bado juu. "Tutasimama hivi mpaka lini?"

Mugendi akavaa kofia. "Bodi ni mimi! Janice atakuja akijisikia. Na nyinyi nendeni China mkafunzwe heshima!" Akapanda pikapu yake, vumbi likawafunika watu.

Alikiri kwamba Janice haji kazini. Kwa mdomo wake, mbele ya hema zima.

Karimi na Gikunda waliondoka kwenda China, kwa sababu mtu hali maneno. Jumatatu gredi ya tisa walifungua vitabu wakaangalia mlango. Hakuingia mtu. Akuam na Adano wakaenda ofisi ya elimu, wakaambiwa wao wawili hawatoshi, walete shahidi mwingine aliyemsikia mwenyekiti. Wakapita nyumba kwa nyumba. Na unajua wanajibiwa nini? Ati siku hiyo kila mtu alikuwa amefumba macho, anaomba.

Macho, sawa. Masikio je, nayo ulikuwa umeyaziba?

Hao wawili wanarudi ofisini asubuhi hii, na wamesimama barabarani wanangoja mtu wa tatu. Vaa viatu. Toka uende nao, utaje jina la Janice kwa sauti na useme ulichosikia. Usiseme kesho. Amka sasa.