Risasi Bila Jeraha

Mimba ya tatu ilipotunga, baada ya mbili kuharibika, mshonaji hakuulizwa tena chochote. Mumewe aliisukuma cherehani pembeni na kuifunika shuka. Mama mkwe alikuja na begi lake, akachukua ufunguo wa jiko. Daktari wa kliniki naye akaongeza la kwake: alale, asinyanyue kitu, asiende popote. Walikuwa na chumba na sebule, na dirisha la nondo lililotazama ukuta wa jengo la pili, ukuta mtupu usio hata na nguo za kuanikwa. Dunia yake ikabaki kitanda, ule ukuta na sauti za vyombo vya mtu mwingine jikoni kwake.

Mumewe alikuwa fundi wa sufuria. Alinunua vyuma chakavu, bloku za injini, rimu na redieta, akaviyeyusha kwenye tanuru nyuma ya gereji na kumimina kwenye kalibu za mchanga. Sufuria zake zilikuwa nene, hazibonyei hata zikianguka, na mtaa mzima ulizipenda. Mkewe aliposhika mimba hii ya tatu alimtengenezea ya kwake peke yake, ndogo, yenye mfuniko, akaisugua mpaka mtu akajiona uso. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimkabidhi tu, akamwambia ni yake na mtoto, kisha akageuka kwenda kuoga.

Mama mkwe hakumpikia mgonjwa kwenye chombo kingine. Aliamini kitu kichachu huongeza damu, kwa hiyo nyanya zilikaa motoni hadi zikawa uji mzito, ndimu ikakamuliwa humo, na kilichobaki kililala humohumo kwenye sufuria hadi kesho yake, kikapashwa. Alikaa pale kitandani na kijiko mkononi, akimhesabia matonge kama mtu anayelisha kifaranga.

Mimba ilipoanza kuonekana, tumbo nalo likaanza. Lilimsokota hadi akadhani kuna mikono inayokamua nguo ndani yake, kisha likaachia, kisha likarudi. Choo kikawa kitu cha kuomba. Kila alichoweka mdomoni kilikuwa na ladha ya sarafu, na vidole vyake, vile vilivyokuwa vikitunga uzi kwenye sindano bila kutazama, vikafa ganzi. Kliniki walipima damu wakakuta imepungua, wakampa vidonge, wakamwambia tumbo la mimba lina vituko vyake. Mama mkwe aliposikia damu imepungua, akaongeza nyanya, akaongeza ndimu.

Hapo ndipo wazo lilipoingia, na likiingia halitoki. Mshonaji aliwahi kumsikia mama mkwe kwenye simu, baada ya mimba ya pili kutoka, akisema mwanawe anapoteza ujana wake kwa mwanamke asiye na kizazi. Hakuwahi kumwambia mtu. Sasa, akiwa amelala na hana pa kwenda, maneno yale yalimrudia kila mlango wa jiko ulipofungwa. Kwa nini aufunge? Mama mkwe alisema moshi usimfikie mgonjwa. Ilikuwa sababu nzuri, na ndiyo iliyomtisha.

Kisha ukatokea msiba upande wa mama mkwe, naye akaondoka. Dada yake mshonaji akaja na teksi kumchukua. Kwa dada alikula wali na maharage ya kawaida, na tumbo likapoa. Alilala usingizi wa kweli. Aliporudishwa nyumbani na kurudi kwenye kile kijiko, hazikupita siku nyingi, mikono ile ikaanza tena kukamua.

Alimsubiri mumewe atoke kazini, akamketisha.

"Mama yako ananitilia kitu kwenye chakula."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ningekijua nisingeogopa hivi."

Fundi alitazama mlango wa jiko, akamtazama mkewe, akainamisha kichwa. Hakumtetea mama, hakumtetea mke. Alisema amechoka, wataongea. Hawakuongea. Mwanamke akaona kwamba hata huyo mmoja aliyemtegemea amefungiwa chumba chake, na hakuna wa kumfungulia mwenzake.

Akaanza kujisaidia mwenyewe. Mama mkwe akigeuka, chakula kiliingia kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, na mume aliutupa njiani asubuhi bila kuuliza una nini. Alikuwa anashinda na njaa, na njaa ya mjamzito haina subira. Baadhi ya siku alishindwa, akala, akalia akitafuna.

Mama mkwe aliugundua mfuko alipokuwa anafagia. Aliufungua, akanusa, akaelewa. Mshonaji alijikunja ukutani akingoja kelele. Kelele haikuja. Yule mama aliingia jikoni, akarudi na sufuria yenyewe na kijiko, akakaa ukingoni mwa kitanda, akala. Alikula polepole mpaka akakwangua chini.

"Mwanangu," alisema alipomaliza, "hiki ndicho ninachokula na mimi, siku zote, unachobakiza. Na tumbo linaniuma mimi pia. Nilinyamaza kwa sababu humu ndani mgonjwa ni wewe."

Waliangaliana kama watu waliogongana gizani. Kesho yake wakaenda wote wawili hospitali kubwa.

Daktari wa huko, mwanamke mwenye sauti ndogo, hakuanza na dawa. Aliuliza maji wanayokunywa, rangi ya kuta, kazi ya mume, vyombo vya kupikia. Aliposikia sufuria zinatokana na vyuma chakavu, akaweka kalamu chini, akawatoa damu wote wawili, akaagiza ile sufuria iletwe ipimwe nayo.

Siku ya majibu walienda watatu. Daktari akasema wana risasi mwilini. Kabla hajaendelea, mama mkwe alishampandisha mkwewe mkono wa gauni, anakagua bega, anageuza shingo.

"Nani kampiga? Mbona sioni jeraha?"

"Hii haipigi, mama," daktari alimjibu bila kucheka. "Ni madini. Hii inaliwa."

Akawaeleza taratibu. Alisema ndani ya utumbo kuna ukuta wa chembe hai zilizopangwa safu moja tu, mwembamba kuliko karatasi, na kazi yake ni kuchagua: hiki kipite kwenye damu, hiki kiende chooni. Kila kinachohitajika kina njia yake. Madini ya chuma, yanayojenga damu, yana mlango wake, na kalisi ya mifupa ina wake. Risasi haina mlango, ila imefanana na hayo mawili kiasi kwamba mwili unaipokea ukidhani ni yenyewe. Uchachu wa nyanya na ndimu ulikuwa unaing'oa kidogo kidogo kutoka kwenye sufuria, kwa vipande vidogo visivyoonekana wala kusikika ulimini.

"Mtu aliyeshiba madini, milango yake hufunguka kidogo tu," alisema. "Aliyepungukiwa, mwili unaiacha wazi, unachukua chochote. Na hakuna mwenye njaa hiyo kumshinda mjamzito asiye na damu."

Mshonaji aliuliza kuhusu mtoto. Daktari hakumficha. Ikishaingia kwenye damu ya mama, inafika kwa mtoto; kondo la nyuma haliizuii. Nyingine hujificha kwenye mifupa na kukaa humo miaka. Wakati huu hawezi kumpa dawa ya kuitoa bila hofu ya kumdhuru mtoto. Watakachofanya ni kufunga chanzo, kumjaza kalisi na chuma, na kungoja.

Mshonaji aliyashika mapaja yake kwa viganja. Mlango wa jiko angeweza kuuvunja, ukuta wa dirishani angeweza kuukimbia. Mifupa yake angeipeleka wapi?

Fundi alikuwa amesimama muda wote, na viti vilikuwepo. Daktari alipomuuliza kama aliwahi kuchanganya kitu kingine kwenye tanuru, alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: huwa anatia vile vipande vizito vya ndani ya betri za magari, vinasaidia kuyeyuka. Kidogo tu. Kisha akamgeukia mkewe.

"Ya kwako nilizidisha," alimwambia mkewe. "Nilitaka iwe nzito, idumu."

Waliporudi nyumbani, mshonaji alijaribu kumwomba mama mkwe msamaha, akaanza vibaya, akaanza tena. Yule mama alimkatiza akimwekea mto mgongoni. Alisema kwa pishi lile, hata yeye angejishuku. Wakacheka, na tumbo likawauma wote wawili kwa kucheka. Mlango wa jiko haukufungwa tena.

Lakini mtaa ulikuwa bado unapika. Fundi alikaa karakanani bila kuwasha moto, hasemi, anapanga vyuma na kuvipangua. Kusema ni kujimaliza, na kunyamaza ni kuwalisha majirani. Mkewe alimwacha atulie kidogo, kisha akamwambia aende yeye akaseme, la sivyo mke ataenda mwenyewe na tumbo lake. Akaenda. Alipita na mkokoteni nyumba kwa nyumba akiomba sufuria alizowauzia. Baadhi walimpa. Wengi walimcheka usoni, wakasema hii ni mbinu mpya ya kuuza sufuria mpya. Jirani mmoja alimwonyesha watoto wake wakicheza, wanene, akamuuliza risasi iko wapi.

Mtoto alizaliwa wa kike, mdogo kuliko walivyotarajia, mwenye kelele. Damu yake ilipimwa, ikakutwa na kiasi cha risasi. Daktari alisema kitashuka, anyonye, arudishwe kupimwa kila anapokua kidogo. Mengine yataonekana akianza kusema na kusoma. Kwa hiyo wanamtazama. Akiitwa akachelewa kugeuka, wanatazamana. Akigeuka, wanatazamana vilevile.

Fundi sasa anachomelea milango na madirisha kwa mtu mwingine. Hawezi kupita mgahawa bila kuchungulia jikoni. Juzi aliingia mmoja karibu na kazini, akasimama mbele ya jiko la mkaa, na mpishi akamuuliza amekuja kula au kukagua. Alisema sufuria ile ni yake, mkono wake anaujua, na akataka kuishika. Wakamtoa nje kwa kumsukuma. Mkewe alipoitwa alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mgahawa, wateja wanampita kwa kuruka miguu yake.

Hakumwinua. Alimbana mtoto vizuri mgongoni, akampita naye, akaingia ndani na kumwomba mpishi amsikilize kidogo. Mpishi alisema aseme tu, yeye anasikia, na akaendelea kukoroga.