Upindo wa Suruali

Tangu arudishwe nyumbani bila mguu wa kulia, Fundi alikuwa amegundua kwamba nyumba ina kelele nyingi kuliko watu. Bati la paa lilitatarika jua likipanda, bomba la jirani likakohoa, na baada ya hapo basi. Mke wake alikuwa mpishi wa shule. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni, na katikati hapo Fundi alibaki na ukuta, ukuta nao ukabaki naye.

Mwanzoni wageni walifurika. Walikaa, wakasema pole, wakaangalia kila kitu chumbani isipokuwa pale shuka lilipolala bapa, halafu ghafla wakakumbuka wana shughuli. Lakini aliyemuuma zaidi ni Kobe. Huyo walishona naye baraza moja tangu ujana, cherehani zikitazamana, wakitupiana maneno kutwa nzima. Hata jina la Kobe ni Fundi aliyempa, maana suruali moja ilimlia siku nzima, siku ambayo mwenzake alimaliza tatu. Kobe alifika hospitali mara moja tu. Kwa mazoea akarusha kofi la utani kwenye goti la rafiki yake, mkono ukaangukia godoro tupu. Akaduwaa, akaaga, asionekane tena.

"Ameshanifuta," Fundi alijiambia, na akaamini. Mguu uliokatwa ndio uliokuwa ukiongoza pedeli. Fundi wa kulala kitandani ni fundi wa nini?

Jioni moja mke wake alirudi na mfuko. "Nilipeleka suruali zako zifupishwe upande mmoja," alisema, akimwekea mapajani. "Ukishika magongo zinaburuzika, utakuja kuanguka bure."

"Umepeleka kwa nani?"

"Kwa Kobe. Ulitaka nipeleke kwa nani?"

Akaingia jikoni. Fundi akatoa mfukoni ile suruali ya kijivu aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe, na wivu ukamkaba, wivu wa kijinga kabisa. Mtu mzima, ameshonea nusu ya mji, leo nguo yake inapelekwa kwa fundi kama ya mteja! Akaigeuza ndani nje atafute kosa. Yuko fundi asiyetafuta kosa la mwenzake?

Upindo ulikuwa mnene. Mnene mno. Akaubonyeza, akaubonyeza tena, akachukua wembe, akafumua nyuzi kiasi cha kupitisha kidole. Ndani kulikuwa na kitambaa. Chote. Kobe hakukata hata inchi moja. Alikuwa amekikunja kwa ndani, pamoja na ule upindo wa zamani wa kifundoni, akakishikiza kwa mishono mirefu, ile wanayoitumia kwenye sare za watoto wa shule, ambao kila mwaka hurudi wamerefuka na nguo lazima iteremshwe. Mishono hiyo fundi huiweka akijua itafumuliwa. Anayeshonewa hivyo anatarajiwa kurudi.

Fundi akalia. Hospitali hakulia, hata siku daktari alipoketi kitandani pake kumpa habari. Alilia sasa, suruali usoni, kimyakimya asisikike jikoni.

"Mimi nilimwambia akate tu," mke wake alisema huko ndani, akikoroga sufuria. "Akanitolea macho kama nimemtukana. Nikamuuliza, mbona huji kumwona mwenzio? Akasema hajui aje aseme nini."

Fundi akajifuta uso.

"Kesho ukipita barazani, mwambie upindo wake umekwenda upogo. Mwambie ni aibu, kuzeeka kote huko na bado hajui kushona. Aje aurekebishe hapahapa, nikimwona."

Mke wake akatoka, akaipokea suruali, akaisogeza kwenye taa. Akaupitisha upindo kati ya vidole polepole. Pale ambapo hapakufumuliwa, mshono ulikuwa umenyooka kabisa.

"Kweli," akasema. "Umekwenda upogo. Nitamwambia."