Mbolezi Isiyo na Maiti

Chuoni tulichekwa sana sisi wa Fasihi na Utamaduni. "Nyie mnasomea ngoma!" wenzetu wa uhandisi walitukebehi, nasi tukawajibu kwamba hata wao watazikwa kwa ngoma hizo hizo. Aliyekosa hamu ya utani ni Dufie, mwenzangu wa chumbani. Dokta Amponsem alikuwa amemrudishia tasnifu yake tena: "Umenakili vitabuni tu. Niletee sauti ya mtu hai, la sivyo huhitimu."

Basi Dufie akanikokota hadi mji wa Mampong kwa bibi yake, Nana Afrakoma, mwimbaji wa mbolezi anayeitwa kila penye msiba. Nana alitupakulia magimbi na mchuzi wa majani, akitutania kwa kukonda. Aliposikia tulichofuata, kicheko kikakatika.

"Mbolezi? Kafa nani?"

"Hajafa mtu, Nana. Ni masomo tu."

"Masomo! Dufie, mbolezi haiimbwi bila maiti. Ukiiita bure, itamchukua mmoja wa waliopo."

"Jamani Nana, hiyo ni imani tu! Ndiyo hasa tunayoisoma darasani."

Nikamkanyaga mguu. Mimi pia Mwashanti kama wao. Kwetu ukiuimba wimbo huo hata kwa kuguna ukiosha vyombo, unakula kofi. Lakini Dufie alikuwa ameshaanza kulia, kwamba miaka yake yote ya chuo imekwenda na maji.

Nana akamfuta machozi. "Nyamaza, mjukuu wangu. Haya, washa hicho kidude chako."

Akajifunga kitambaa chekundu cha msiba, akawamiminia wahenga pombe kali chini, akaanza kuimba akienda huku na huko uani, mikono kichwani. Mbolezi sharti imtaje marehemu na ukoo wake. Nana alitaja majina mengi ya kale, upesi upesi, hata hatukuyashika. Dufie alikuwa anatabasamu, macho kwenye kinasa sauti. Mimi niliogopa hata kukohoa.

Darasani, Dokta alisikiliza amefumba macho kwa raha. Ghafla akazima.

"Huyu Afrakoma anayeliliwa hapa ni nani? Alikufa lini?"

Dufie akainuka kitini. "Ni... ni Nana mwenyewe. Yu hai."

Dokta hakumkaripia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Mpigie simu," alisema. "Sasa hivi."

Simu ya Nana ilipokelewa na mjomba wake Dufie, akilia.

Tulikuwa watatu mle uani, na Nana alikuwa amechagua.

Alama Dufie alipata, tena za juu kabisa. Siku ya mazishi wanawake wakabaki kutazamana, maana aliyeijua mbolezi ya ukoo ule ndiye aliyekuwa amelala pale. Mjomba akamgeukia Dufie.

"Mwanangu, kile kidude unacho?"

Dufie akakitoa. Nikamshika mkono, akakiwasha, na Nana akaanza kujililia.