Vigae Vilivyofungwa kwa Foili

Miaka ishirini na sita nimeosha vigae vya chama. Si vigae vya kuezekea nyumba, la. Ni vipande vya vyungu vilivyovunjika zamani sana, ambavyo wanaakiolojia huvichimba ardhini na kuvileta kwenye mifuko kama viazi. Chama chenyewe ni cha wanaakiolojia wa kanda yetu, watu arobaini na kitu, ofisi ya vyumba viwili na korido, na uwani kuna bomba, kibaraza na meza yangu ndefu ya mbao. Niliajiriwa kufagia. Aliyekuwa akiosha alipoolewa mbali, mwenyekiti wa wakati ule alinikuta nimesimama na ufagio, akaniambia, "Mama, hebu weka huo chini ushike mswaki." Nikaushika. Ndiyo maana wote wananiita Bibi Mswaki.

Kuosha kuna sheria zake. Mfuko mmoja, trei moja. Lebo ya mfuko haiachani na trei yake hata kama unakwenda kunywa maji tu, kwa sababu lebo ndiyo inayosema kigae kimetoka shimo gani na tabaka gani la udongo. Kigae kisicho na lebo, wanasema, hakina kwao. Unatumia maji baridi na mswaki laini, unaanza ndani, unakuja kwenye mdomo wa chungu, unamalizia mgongo, kisha unaanika kivulini. Sikuwahi kuchanganya trei mbili. Hata Katibu wa chama, mtu ambaye hawezi kusifu hata chai aliyoipika mwenyewe, aliwahi kuliandika hilo kwenye jarida la chama.

Jarida hilo ni kurasa nne, kila miezi mitatu. Nani amechimba wapi, nani amepata shahada, nani amefiwa, mkutano mkuu utakuwa lini. Nilikuwa nalisoma lote, kidole chini ya mstari, maana mjukuu wangu alikuwa hakosekani humo.

Huyu mjukuu nilimlea mwenyewe baada ya mama yake, binti yangu, kufariki. Alikulia chini ya ile meza ya mbao, akichimbachimba uwanja kwa kijiko mpaka wakampa jina la Chimbua. Akasoma, akarudi na vyeti, akawa mwanachama. Katika chama kizima hakukuwa na mdogo kuliko yeye mwenye kibali cha kuongoza uchimbaji. Siku alipokipata, Katibu alimwambia, "Haya Chimbua, leo unalipwa kwa utundu uleule uliokuwa ukichapwa kwa ajili yake."

Kilima chake kilikuwa nyuma ya barabara kuu. Kwa macho ya kawaida ni kilima tu, majani na mawe. Yeye aliona watu walikuwa wameishi pale, wamepika, wamezaa, wamezikana. Kampuni moja ya kokoto nayo iliona kokoto. Idara ya serikali ikasema: chama kilete uthibitisho wa maabara kwamba makazi yale ni ya zamani kama mnavyodai, kabla ya mwisho wa mwezi wa nane, kilima kitalindwa. Msipoleta, kampuni ianze kazi.

Wakachimba wiki tano. Vigae vilikuwa vingi, lakini vyungu vya namna ile vimefinyangwa kwa miaka mingi mno, kwa hiyo sura yake peke yake haithibitishi kitu. Mkaa haukuonekana, mifupa ilishaoza. Siku ya mwisho kabisa ya ruhusa ya kuchimba pale, kwenye kona ya shimo la pili, Chimbua akapata vigae vitano vyenye masizi mazito yaliyogandia kwa ndani. Chakula kiliunguzwa. Mpishi fulani aligeuka kuzungumza na mtu, chungu kikaungua, na kwa uzembe wake maabara sasa ingeweza kupima umri wa yale masizi. Siku iliyofuata kampuni iliweka uzio na mlinzi.

Mambo haya ya masizi nilikuja kuyaelewa baadaye. Wakati ule sikuyajua. Katika miaka yangu yote chama hakikuwahi kupeleka masizi kupimwa popote. Kilichokuja na uchafu, kwangu kiliondoka kisafi.

Chimbua alifika ofisini mchana wa siku ile ya mwisho amejaa vumbi hadi kope. Akanisaidia kupanga mifuko juu ya meza, kisha boksi moja la karatasi ngumu akaliweka juu ya rafu.

"Shikamoo tena bibi, maana ya asubuhi imeshachakaa. Mifuko hii osha taratibu. Boksi langu lile usiliguse kwanza, nitakuja kulipanga mwenyewe."

"Lina nini, mchumba wako?"

"Angekuwemo ungesikia anapiga chafya. Nakimbilia idarani, nataka barua ya kusafirishia vitu kwenda maabara. Kesho kutwa niko hapa."

Akaenda. Nami nikaosha mifuko ile mpaka jioni, na kesho yake hadi saa nane mchana, nikaimaliza. Nikakaa. Mkutano mkuu wa chama ulikuwa umekaribia, na meza ya maonyesho ilikuwa ipangwe. Nikalitazama lile boksi. Nikasema moyoni, mtoto huyu anauonea huruma mgongo wangu. Anataka arudi na uchovu wake aje ainame hapa usiku na mswaki, ili mimi nipumzike. Nikaliteremsha.

Ndani kulikuwa na vifurushi vitano vya foili, ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Nilicheka peke yangu. Maskini, mifuko ilimwishia, akafungia vigae kwenye masalia ya chakula chake cha mchana. Kila kifurushi kilikuwa na lebo: shimo la pili, tabaka la nne. Nikazitunza lebo zile kama mboni ya jicho. Nikachota maji.

Yale masizi yalikuwa magumu. Mswaki laini ulishindwa, nikachukua ule wa nywele ngumu. Yakashindana nami tena, nikajikaza kisabuni. Maji ya beseni yalikuwa meusi kama wino, nikayamwaga kwenye mfereji, nikachota mengine, nikayamwaga tena. Saa tatu nzima. Vigae vikatoka vyekundu, vizuri, kama vimefinyangwa jana. Sijawahi kuosha vitu vikatakata namna ile. Nikavianika kibarazani, kila kimoja na lebo yake, na foili nikaikunja vizuri, maana ni kitu cha kutumika tena.

Chimbua aliingia asubuhi yake akiwa ameishika barua juu kama bendera.

"Bibi! Wamesaini! Nimewakalia pale mlangoni mpaka yule mkubwa akasema mpeni huyu aondoke, anatuzuia upepo." Akanikumbatia, akageukia rafu. "Boksi liko wapi?"

"Nimekumalizia kazi," nikasema. "Njoo uone."

Nikamshika mkono nikampeleka kibarazani. Alivitazama. Alichuchumaa. Akakinyanyua kimoja, akakigeuza ndani, akakiweka. Akakinyanyua cha pili.

"Hivi ni vipi, bibi?"

"Vile vya foili. Vilikuwa vichafu, mwanangu, acha tu. Lakini lebo zote zipo."

Alikwenda kwenye mfereji akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye tope akalichota, akalinusa. Mvua ndogo ilikuwa imepita alfajiri. Tope lilikuwa tope. Akarudi na mikono michafu, akakaa chini kwenye saruji, akaegemea mguu wa meza yangu, palepale alipokuwa akikaa utotoni.

"Bibi, ile nyeusi ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta."

"Nyeusi gani?"

"Ile uliyoisugua."

Akanieleza polepole, bila kupandisha sauti, mpishi na chungu na maabara. Afadhali angenipigia kelele. Nikakaa kwenye ndoo.

"Hakuna hata kidogo kilichobaki? Kwenye ufa? Kwenye mswaki?"

Tulitazama kwa kioo chake cha kukuzia, kigae kwa kigae, ufa kwa ufa. Nilikuwa nimefanya kazi safi. Kwenye nywele za mswaki kulikuwa na weusi, lakini mswaki ule umesugua vigae vya mashimo yote ya kanda hii, nani angejua weusi ule ni wa nani?

Alikwenda kwenye uzio wa kampuni akaomba siku moja tu, saa moja tu. Mlinzi akamwambia ruhusa yake ya kuchimba pale imekwisha na yeye ana watoto. Alikwenda idarani, wakamwambia tarehe ni tarehe. Mwezi wa nane ukaisha.

Mimi nilitaka kwenda kwa Mwenyekiti siku ileile aliyonieleza. Chimbua akanizuia mlangoni.

"Ukisema watakufukuza. Utakaa nyumbani ukitazama ukuta. Mimi bado kijana, nitasema nilivichanganya kwenye mifuko ya kuoshwa."

"Uongo huo utakula jina lako."

"Bibi, nakuomba."

Nikanyamaza, na kunyamaza kule sijisamehi. Jarida likatoka. Ukurasa wa pili, chini ya habari za mwanachama aliyepata mtoto wa kike: "Sampuli za kilima ziliharibika kwa uzembe wa kiongozi wa uchimbaji, ambaye alizichanganya na vigae vya kawaida. Kamati itatoa pendekezo kwenye mkutano mkuu." Nilisoma mara tatu, kidole chini ya neno uzembe.

Mkutano ulifanyika kwenye chumba kikubwa cha ofisi, viti vya plastiki, karatasi ya mahudhurio ikizunguka. Katibu alisoma habari za chama: mashimo mawili mapya, msiba mmoja, darubini imepotea, aliyeiazima airudishe bila maswali. Kisha Mwenyekiti akasimama kusoma pendekezo la kamati, kwamba Chimbua anyang'anywe kibali cha kuongoza uchimbaji. Mjukuu wangu alikuwa mstari wa mbele, shingo imenyooka.

Nikapiga moyo konde, nikasimama pale mlangoni nilipokuwa na birika la chai.

"Mwenyekiti, naomba kusema. Hakuchanganya kitu. Vilikuwa kwenye foili, ndani ya boksi lake, na aliniambia nisiliguse. Nikaligusa. Nimeviosha mimi kwa mikono hii."

Chimbua akageuka akanitolea macho ya kunisihi. Nikaendelea, nikaeleza ule mswaki mgumu, yale maji meusi, yote. Nilipomaliza, Mwenyekiti alivua miwani, akatabasamu kwa upole uliokuwa kama kofi.

"Bibi yetu, kaa. Sote tuna bibi. Na sote tunajua bibi yuko tayari kubeba nini kwa ajili ya mjukuu."

"Sibebi, nasema kweli!"

"Bibi Mswaki," Katibu akadakia, "miaka ishirini na sita hujachanganya trei. Nimeandika mwenyewe. Leo uambiwe usiguse, uguse? Wewe? Labda ungesema nimegusa mimi, wangekuamini."

Wakacheka, kicheko chema kabisa. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, wakafuata wengine, chumba kizima kikanipigia makofi kwa moyo wangu wa huruma. Mama mmoja mwanachama akafuta machozi. Nilimwita Chimbua kwa jina, nikamwambia, "Waambie, mwanangu, waambie." Akainuka, akasema, "Bibi yangu ananipenda. Naomba tuendelee na ajenda."

Mikono ikanyooshwa. Katibu akahesabu, akaandika.

Tangu hapo Chimbua anafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala na kupiga picha za vitambulisho. Hachimbi. Nyumbani ananisalimia, ananiletea dawa ya magoti, anacheka panapotakiwa kuchekwa. Vile vigae vitano viko kwenye kabati la kioo la ofisi. Wageni husema ni vizuri sana.

Kilima walikikata kwa miezi minne. Mvua zilipoanza, uwanja wa ofisi ukawa dimbwi, na Katibu akaagiza lori la kokoto. Zikamwagwa mbele ya kibaraza changu. Nilipokuwa nazisambaza kwa reki niliona kipande chenye rangi nyingine. Nikakiokota. Kigae, upana wa kiganja. Nikakigeuza. Ndani kilikuwa cheusi tititi, chakula cha mtu kilichoungua.

Sikukitia maji. Nilikifunga kwenye ile foili niliyokuwa nimeikunja, nikaenda nacho hadi dukani kwa miguu, magoti yakinilalamikia njia nzima. Chimbua alikuwa akitoa nakala za vyeti vya mtu. Nikamfungulia juu ya kaunta. Kwa muda mfupi sana nilimwona yule wa zamani, akainama, pua karibu na yale masizi.

"Kimetoka wapi, bibi?"

"Kwenye kokoto."

Mashine ikasimama. Akanisogezea kile kigae taratibu kwa ncha ya kidole.

"Basi hakina kwao," akasema, akamgeukia yule mteja, akamuuliza anataka nakala ngapi.