Akordeo ya Wenyewe Kumi na Mmoja

Kufikia Jumatano saa nne asubuhi, akordeo iliyokuwa juu ya meza ya Mama Nsimire, pale Katoyi, mtaa wa Goma, ilikuwa na wenyewe kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza kama bado inalia. Watatu walikuwa Kinshasa. Mmoja alikuwa Kampala. Mmoja alisema yeye ni padri, na mwingine akasema yeye ni mjane wa padri, jambo ambalo Mama Nsimire alilisoma mara mbili, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaiweka simu kifudifudi.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, tusimfiche. Binti yake Exaucée alikuwa amempigia picha nzuri ya kile kinanda cha kifuani, tumbo la mikunjo limefunguka, vibonyezo vya upande wa kushoto vinang'aa. Lakini maneno ya chini ya picha aliyaandika mama: "Nauza akordeo. Si yangu. Kama mwenyewe yuko hai, aseme, nitamrudishia bure."

"Mama!" Exaucée alishika kichwa. "Hakuna mutu anaandikaka hivi kwa mtandao! Ni kama kuacha mulango wazi na kuandika pale: mwizi, karibu, uvue tu viatu."

"Sasa niuze kitu ya mutu nikinyamaza? Mimi si mwizi, weye mutoto."

Basi turudi pale ilipoanzia, la sivyo na wewe utachanganyikiwa kama yeye. Ilikuwa Mei 2021, siku chache baada ya mlima kutapika moto. Alhamisi ile asubuhi serikali ilitangaza watu wahame, na Goma nzima ikamwagika kwenye barabara ya Sake, magodoro kichwani, sufuria mkononi. Pale Mugunga mwanamume mmoja mwembamba alimkamata Nsimire mkono. Begani alikuwa na akordeo na mzigo wa nguo, na macho yake yalikuwa yakitafuta nyuma.

"Mama, unishikiye kidogo," alisema akimpa akordeo. "Mutoto wangu amebakia."

"Enda, papa. Nitakungojea hapa hapa."

Yule mtu akarudi mbio, akisukumana na umati uliokuwa unakuja. Nsimire alingoja. Alingoja muda gani? Yeye husema nusu saa, lakini tangu lini mtu aliyejaa hofu akajua kupima muda? Ardhi ikatikisika, mtu akapiga yowe kwamba lava inakuja, watu wote wakakimbia, na yeye, Mungu amsamehe, akakimbia nao mpaka Sake, Exaucée mkono huu, akordeo mkono ule.

Lile neno "hapa hapa" lilimkaa kooni miaka minne. Alitangaza parokiani Sake, akatangaza parokiani Katoyi, akawauliza hata wanakwaya wa Keshero. Hakuna aliyejitokeza. Akordeo ikakaa chini ya kitanda kama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Sasa mbona anaiuza? Kwa sababu mwezi wa kwanza wa mwaka huu vita viliingia mjini. Nsimire alilala chini sakafuni siku tatu na binti yake, na alipotoka alikuta mlango wa kibanda chake cha kushonea umevunjwa na cherehani haipo. Mshonaji bila cherehani! Marehemu Birindwa, mume wake, alimwachia ile mashine tu na jina. Tangu hapo anaombaomba zamu kwa majirani, na jirani akikuazima leo na kesho, keshokutwa anaanza kujibu salamu kwa pua. Mama mmoja wa Murara alikuwa anauza mashine iliyotumika, ikiwa nzima bado, na amekubali kumwekea mpaka Jumamosi saa sita. Baada ya hapo atampa mwingine. Benki zimefungwa, ndugu wa Bukavu nao hawana mbele wala nyuma. Ilibaki akordeo.

Exaucée, alipoona mama yake amejitia shimoni kwa maneno yale, alimpa sheria tatu. Kwanza, usitoe kitu mbele ya kuona franga kwa akaunti, mesaji si franga. Pili, usikutane na mutu fasi ya kujificha. Tatu, mutu mwenye kubadilisha namba, umukimbie.

Sheria ya kwanza ilipata kazi mchana uleule. Mnunuzi mmoja, jina lake Julien, alikubali bei bila kupunguza hata kidogo, na hapo tu mtu wa Goma alipaswa kushtuka. Dakika tano, ujumbe huu hapa: umepokea pesa. Tena nyingi kuliko bei! Julien akapiga simu anahema. "Mama, nimekosea, nimeongeza. Unirudishie tu ile ya juu." Nsimire alishaanza kumwimbia Bikira Maria. Exaucée akamnyang'anya simu, akatazama akaunti: tupu. Ule ujumbe Julien alikuwa ameuandika mwenyewe kwa vidole vyake. Nsimire alimtukana kwa Mashi, lugha ya kwao, mpaka kuku wa jirani wakanyamaza.

Jioni akaja yule wa ajabu. Namba haina picha wala jina. Sauti nzito, ya chini.

"Mama, ile akordeo uliitoa wapi?"

"Unanunua ao hununui?"

"Niambie kwanza uliitoa wapi."

Akakata. Alhamisi asubuhi sauti ileile, namba nyingine: "Uliipata siku gani?" Baada ya saa moja, namba ya tatu: "Pale kwako uko na nani?" Jamani! Mtu haulizi bei, haombi kupunguziwa, anauliza uko na nani nyumbani, na kwa siku hizi zetu! Nsimire alifunga mlango kwa komeo mchana kweupe. Sheria ya tatu imevunjwa mara mbili na mtu mmoja.

Na saa sita akapiga Papa Télesphore. Huyo alikuwa na sauti ya kanisani. Alimwombea kwanza, akamshukuru Mungu kwa mama mwenye roho kama hiyo, kisha akasema taratibu: "Upande wa kushoto, kibonyezo kimoja kimevikwa kifungo cha koti. Cha kahawia. Matundu manne."

Nsimire akakaa chini. Ni kweli. Yeye ni mshonaji, vifungo anavijua kuliko majina ya wajomba zake, na kile alikuwa amekitazama mara nyingi miaka hii, akijiambia kwamba yule bwana alikuwa na mke anayejua kutengeneza vitu. Machozi yakamtoka.

"Papa, na mutoto? Ulimupata?"

"Watoto? Eh, mama, watoto wote wazima, aksanti."

Watoto? Neno hilo lilimkwaruza kidogo, lakini alikuwa analia, na mtu anayelia hahesabu watoto. Télesphore alisema anaumwa, yuko kitandani, atatuma motari wa pikipiki saa tisa aje kuichukua. Nsimire akakubali. Alipokata simu, aliwaza ile mashine ya Murara, na roho ikamuuma kweli, hata akajichukia. Miaka minne unaomba mwenyewe atokee, na akitokea unamkasirikia?

Simu ikalia. Yule wa ajabu tena, kwa namba ya tatu ileile. Safari hii Nsimire alikuwa na silaha.

"Weye mwenye maulizo! Kama unaijua hii akordeo, niambie, kifungo kiko wapi?"

"Kifungo gani?"

"Umeona? Mwizi weye! Mwenyewe amekwisha kupatikana!" Akakata, akamfungia namba zote tatu asiweze kupiga tena. Akajisikia vizuri kwa muda wa kama kikombe kimoja cha chai.

Saa tisa kamili motari alikuwa mlangoni anapiga honi, na Nsimire alikuwa ameshaifunga akordeo kwa kitenge, ndipo Exaucée akarudi kutoka masomoni. Aliusikiliza mkasa wote akiwa amesimama, begi mgongoni. Alipofika kwenye kifungo, uso ukambadilika.

"Mama," alisema, "kile kifungo ni mimi."

"Ni weye nini?"

"Ni mimi nilikiweka. Kule Sake. Niliichezea wakati ulienda kutafuta maji, kibonyezo kikavunjika. Nilichukua kifungo kwa koti ya marehemu papa, nikabandika na kole. Niliogopa utanipiga."

Nsimire alimtazama binti yake, akaitazama akordeo, akamtazama na motari, kana kwamba huyo ndiye angemsaidia kufikiri. Basi Télesphore alikijuaje? Exaucée akafungua ile picha ya mtandaoni, akaikuza kwa vidole viwili. Kifungo hicho hapo, cha kahawia, matundu manne, kila mtu wa Kinshasa na Kampala angeweza kuyahesabu.

Na aliyesema "kifungo gani?"

"Yesu wangu," alisema Nsimire.

Motari naye alikuwa hajui lolote, alikodiwa tu kwa simu, na sasa alitaka kujua nani atamlipa safari yake. "Umuulize mujane wa padri," Nsimire alimjibu, na maskini yule kijana akaondoka akiwa amechanganyikiwa kuliko wote.

Nsimire akaifungua ile namba ya tatu, akapiga. Yule mtu akaitika. Nsimire hakuuliza habari za kifungo tena.

"Ile siku, ulisema nini kwa yule mama?"

Akasikia mtu anavuta pumzi. "Nilimwambia anishikiye kidogo, mutoto wangu amebakia. Na weye, kama ni weye kweli, ulijibu nini?"

Hakuwa amelitamka lile neno kwa mtu yeyote, hata kwa padri kwenye kitubio. "Nilisema nitakungojea hapa hapa."

"Basi ni weye," ile sauti ikasema, wala haikuwa ya furaha.

"Papa, mutoto ulimupata?"

"Mambo ya mutoto wangu siisemi kwa telefone na mutu sijui." Alisema anaitwa Habineza, anakaa Rutshuru, simu hana, anaazima za watu, na hii ya mwisho alikuwa hajairudisha. Ndiyo maana ya namba zile zote. Wakakubaliana Jumamosi asubuhi, uwanja wa parokia ya Katoyi, mbele ya watu.

Jumamosi Nsimire alisimama katikati ya uwanja tangu saa tatu, akordeo kifuani, Exaucée akizungumza na akina mama kando. Saa tano akaingia mwanamume mwenye koti kubwa kuliko mabega yake. Alikuwa peke yake. Nsimire alimtazama, hakumkumbuka. Yeye naye akamtazama, ikaonekana wazi hamkumbuki. Walionana nusu dakika miaka minne iliyopita, na angeweza kuwa mtu yeyote.

Akasogea. Akordeo hakuitazama. "Mbona hukuningojea?" aliuliza.

Nsimire alikuwa amepanga maneno usiku mzima: tetemeko, umati, yule aliyepiga yowe. Yote yakayeyuka. "Niliogopa, papa. Nilikimbia. Sina maneno ingine."

"Nilikaa pale siku mbili," alisema Habineza. "Miaka minne nilikuwa naambia batu kama mama mumoja aliniibia kwa Mugunga. Niliposoma yale maneno yako nilisema, huyu mwizi amepata akili mupya, ananivuta kwa mutego. Nilitafuta kwa makanisa yetu yote ya protestanti."

"Na mimi kwa parokia zetu zote."

Hapo nusura wacheke. Nsimire akampa akordeo. Habineza aliivaa, vidole vikaenda vyenyewe upande wa kushoto, vikasimama kwenye kile kifungo. "Hii si yangu."

"Ni ya huyu binti yangu. Alivunja, akatengeneza."

Akabonyeza kifungo cha koti la marehemu Birindwa. Kikalia sawasawa. Habineza akatikisa kichwa, kisha akatoa bahasha ya plastiki mfukoni. "Nilijua utanilipisha. Niliuza mbuzi."

Nsimire aliuona unene wa ile bahasha. Ilikuwa ni cherehani nzima, ile pale, mbele ya macho yake, na saa sita haijafika. "Rudisha kwa mufuko, papa. Mutu halipiaka kitu yake." Alisema haraka, kabla mdomo haujabadili nia. Kisha akauliza tena, kwa woga: "Na mutoto?"

Habineza akatazama upande wa barabara. "Igihozo yuko kule, kwa duka ya mikate. Nilimupata siku ileile, alikuwa ameketi juu ya godoro ya batu, analia. Leo nilimwambia abakie mbali. Sikujua kama nakuja kwa mutu ao kwa mwizi." Akavua akordeo, akamrudishia. "Unishikiye kidogo, nimulete."

"Aa, papa, si uende nayo!"

"Nikienda nayo utasema mwizi ni mimi."

Akaondoka. Nsimire akamwambia mgongoni, kwa sauti iliyokatika: "Nitakungojea hapa hapa." Sijui kama alimsikia.

Exaucée akaja mbio na simu. "Mama, ni yule wa Murara. Mutu ingine amefika na franga. Anasema ukuje sasa hivi, ama umupe neno kama utalipa, ama anaitoa."

"Umwambie aitoe."

"Mama!"

"Aitoe, nimesema."

Mvua ikaanza, ile ya ghafla, ikapiga juu ya mawe meusi ya uwanja. Akina mama wakakimbilia barazani mwa kanisa, wakaanza kumwita, mama Nsimire, ingia, utalowa! Yeye alivua kitenge chake cha juu, akaifunika akordeo, akabaki pale pale amesimama. Exaucée akamvuta mkono.

"Twende tungojee kwa baraza, mama. Ataona tu."

"Hapana," alisema Nsimire. "Nilisema hapa hapa."