Paipu Chini ya Seng'enge

Jumanne saa tatu asubuhi, Chepkosgei alikuwa amelala chali chini ya tangi la samaki la meneja, akizungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za vali. Tangi lilikuwa sebuleni, refu kuliko kitanda, limejaa maji ya chumvi na samaki wa rangi walioletwa kutoka Pwani kwa ndege. Kazi yake ilikuwa kuvuta paipu nyembamba kutoka kwenye pampu hadi kwenye mtungi unaolisha matumbawe chokaa. Bosire, mtunza nyumba, alimshikia tochi.

Nyumba hiyo ilijengwa juu ya ng'eny, udongo wa chumvi ambao Wakipsigis walipeleka ng'ombe kulamba tangu kabla Kericho haijajua chai. Kampuni ya chai ilizungusha seng'enge, ikamjengea meneja wake, ikapanda maua. Aron, babake Chepkosgei, hakukubali. Kila Jumanne alimleta ng'ombe wake mmoja aliyebaki kutoka Kapsoit, akasimama naye nje ya seng'enge, kisha wakarudi. Ng'ombe alikuwa amekonda, na siku hizi alilamba ukuta wa jikoni na mashati ya mzee. Ukimshauri Aron anunue chumvi ya duka, alikujibu kwamba ng'ombe wake hakuzaliwa dukani. Watu waliita huo ukaidi. Basi na uwe ukaidi, una kazi yake.

Chepkosgei alifungua vali. Pampu ilinguruma, maji yakaingia kwenye paipu, lakini mtungini hayakufika. Alikagua kila kiungo. Hapakuwa na hata tone sakafuni.

"Maji imeenda wapi?" Bosire aliuliza.

"Imeenda chini."

Bosire alichungulia dirishani. "Mama, kuna ng'ombe kwa maua."

"Ngapi?"

"Kama arobaini hivi."

Walikuwa ng'ombe waliokufa. Chepkosgei alitoka akawatambua kadhaa: yule mwekundu mwenye sikio lililopasuka, aliyekufa kwa homa ya kupe yeye akiwa darasa la tatu, na fahali aliyeletwa kwa mahari ya shangazi yake. Walipita katikati ya seng'enge bila waya kutikisika, wakalamba msingi wa nyumba, ambao ulikuwa umeanza kutoa chumvi. Bosire alisogeza viti vya bustani visikanyagwe.

Ng'ombe wa Aron alikuwa hai, kwa hiyo hakuweza kupita. Alisimama nje akilia. Kando yake Aron aliwasalimu waliokufa, mmoja mmoja, kwa majina.

Hapo ndipo hasira zilipompanda Chepkosgei. Yaani mpaka afe ndipo alambe? Alirudi ndani, akakata paipu, akaweka tii, kiungo cha njia tatu, akavuta mita kumi na mbili hadi nje, akachimba chini ya seng'enge na kuyaachia maji kando ya barabara. Udongo ukawa mweupe. Ng'ombe akainamisha kichwa.

Meneja alifika saa sita. Aliwatazama ng'ombe waliokufa, akasema hao hawana shida, hawaharibu maua. Kisha akaiona paipu.

"Nani amesema hii ipite hapa?"

"Mimi."

"Toa."

"Mimi kazi yangu ni kufunga. Ya kutoa, tafuta fundi mwingine."

"Nitampata."

"Tafuta. Mafundi wa huku wote nimewafunza mimi."

Meneja aliikata mwenyewe, kwa makasi ya maua, na maji yakamlowesha viatu.

Tangu siku hiyo huikata kila Jumatatu. Lakini paipu ya mtungi nayo huziba kila juma, na hakuna fundi mwingine anayekubali kuja, kwa hiyo Jumanne asubuhi humwita Chepkosgei. Chepkosgei huzibua ya ndani, akaunga ya nje. Waliokufa huingia na kutoka wapendavyo. Seng'enge iko palepale, na mwaka huu imeongezwa waya.

Ng'ombe wa Aron amenenepa, ana mimba. Aron mwenyewe anakohoa tangu masika, na Chepkosgei amemsihi abaki nyumbani.

"Nikifa nitapita kwa hiyo waya, niende nikae kwa kiti ya meneja," mzee alimwambia. "Lakini saa hii niko hai. Chimba."

Chepkosgei alichimba.